SIDI MUBARAK BOMBAY: NANI ALIANDIKA HABARI ZAKE?



Katika toleo hili la kumbukumbu tunamtaja msafiri ambaye wengi wetu hatukufundishwa habari zake shuleni, ingawa alipita katika nchi zetu hizi. Ndiye Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao. Akiwa na umri wa miaka kama 12, kijiji chao kilivamiwa. Alitekwa, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akanunuliwa na mfanyabiashara Mwarabu aliyemchukua hadi Bara Hindi. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarejea Unguja. Mwaka 1857 alijiunga na Burton na Speke, na mwaka 1858 akavuka Ziwa Tanganyika pamoja na Speke. Mwaka 1863 alifika Misri kwa njia ya Mto Nile. Mwaka 1871 alikwenda Ujiji na Stanley. Kati ya 1873 na 1875 alitembea na Cameron kutoka Bagamoyo, kupitia Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Alifariki 1885.

Je, habari hizi tumezipata wapi? Karibu zote ziliandikwa na mabwana aliowatumikia. Kwa hiyo yafaa kuzipima.

Kwanza, tuulize zilipita katika lugha gani. Bombay alimsimulia Speke utoto wake kwa Kihindustani, naye Speke akaandika kwa Kiingereza. Katika masimulizi hayo jina la kijiji chake halimo, wala jina alilopewa na wazazi wake. Mubarak ni jina la Kiarabu, na Bombay ni jina la mji. Asitokee mtu akalijaza pengo hilo kwa kubuni.

Pili, tulinganishe mashahidi. Speke anamsifu kwa uaminifu. Stanley anamlaumu kwa uzembe, na mwenyewe anakiri kwamba alimpiga. Anayesoma kitabu kimoja tu atamjua nusu mtu.

Tatu, tuchunguze tarehe. Stanley aliandika kuwa alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, lakini shajara ya Livingstone inaonyesha Oktoba. Wote wawili waliugua njiani wakapoteza hesabu ya siku. Kukosea siku si kusema uongo.

Ndugu zetu, jambo hili latuhusu. Nasi habari zetu zimeandikwa na wengine, kupitia wakalimani, kwenye fomu. Watumishi wa mashirika nao wanajua jinsi jina la kijiji lililokosewa herufi, au mwaka usiolingana, unavyoweza kumletea mtu mashaka. Basi wazee wasimulie na vijana waandike: jina la kijiji, la mto, la chifu, na mwaka. Kila habari ithibitishwe na mtu wa pili aliyekuwapo. Wakitofautiana, maneno ya wote wawili yaandikwe.

Bombay alikumbuka kijiji chake, lakini hakuna aliyeandika jina lake. Shime, tuandike ya kwetu wangali hai wanaoyakumbuka.