Nani Aupime Ushauri? Funzo la Malaria Katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Swali la nani anapaswa kuupima ushauri wa kitaalamu ni swali la siasa kabla ya kuwa swali la sayansi. Kiongozi asiyeweza kuupima ushauri anaopewa hana njia ila kuutii au kuukataa, na kwa vyovyote wanaolipa ni wananchi. Historia ya vita dhidi ya malaria Zanzibar inalionyesha jambo hili waziwazi.

Mwaka 1955 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika Mexico, uliamua kwamba malaria ifutwe duniani. Silaha kubwa ilikuwa dawa ya kupulizwa katika kuta za nyumba, hasa DDT. Sehemu kubwa ya Afrika iliachwa nje ya mpango huo, kwa kuwa ilionekana ni ngumu mno. Zanzibar haikuachwa. Ni visiwa, na mbu wa bara havuki bahari kwa urahisi. Kazi ikaanza mwaka 1957, wakati Waingereza bado wanatawala, na baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 Serikali mpya ikaurithi mpango huo. Mwaka 1968 ukasimama. Wakati huo vijidudu vya malaria katika damu za watu vilikuwa vimepungua sana. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa ulikuwa umekwisha kurudi kwa nguvu.

Ni rahisi kusema kwamba kosa lote ni la ukoloni. Hoja hiyo haitoshi. Mwaka 1950, katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala, baadhi ya wataalamu hao hao wa dola la Kiingereza walitoa onyo. Bagster Wilson, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Tanganyika, na Garnham, aliyewahi kufanya kazi Kenya, walieleza kwamba mtu mzima wa nchi zetu hujenga kinga baada ya kuugua mara nyingi utotoni. Ukimwondolea mbu kwa miaka kadhaa kisha ukaacha, kizazi kinachokua humkuta mbu akirejea nacho hakina kinga hiyo. Wengine walijibu kwamba haiwezekani kuwaacha watoto wafe leo kwa hofu ya kesho. Mkutano ukapendekeza malaria ishambuliwe bila kusubiri.

Kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa la haki. Lakini onyo lililoshindwa katika mjadala halikupaswa kufutwa. Lilipaswa kugeuzwa kuwa sharti: ukianza, usisimame mpaka uwe na kitu cha kushika nafasi ya dawa. Ushauri ulisema jinsi ya kuanza na jinsi ya kupuliza. Juu ya siku ya kuacha ulisema kidogo mno. Wala mfano haukuwa mbali. Katika eneo la Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, dawa ilipulizwa kuanzia 1955 na ikasimamishwa 1959. Hapo palikuwa na darasa la bure kwa mwenye kutaka kujifunza.

Tukumbuke pia kwamba nia ya kisiasa haikukosekana Unguja. Baada ya Mapinduzi matibabu yalitangazwa kuwa bure, madaktari wa Kichina na wa Ujerumani Mashariki wakaja, na hospitali kuu iliyo pembezoni mwa Mji Mkongwe, Mnazi Mmoja ya leo, ikapewa jina la V. I. Lenin. Serikali yenye nia ilipewa mwongozo wenye pengo. Nia peke yake haizibi pengo la namna hiyo.

Katika miaka ya 1980 ulikuja mpango mwingine, safari hii kwa fedha za Marekani, na DDT ikapulizwa tena. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mbu wa Zanzibar walikuwa wameizoea. Kabla ya pipa la kwanza kufunguliwa ilifaa kuuliza: je, mbu wa hapa, mwaka huu, anakufa kwa dawa hii?

Swali kama hilo liliulizwa kwa upande wa tiba mwaka 2001. Wagonjwa walipimwa, ikaonekana kwamba klorokwini ilishindwa kwa asilimia 60 yao ndani ya siku 14. Serikali ikaamua kubadili dawa, na kuanzia 2003 vituo vya afya vikatoa dawa mseto bila malipo. Mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa na upulizaji wa dawa mpya vikafuata. Katika muda mfupi maambukizo yakashuka chini ya asilimia 1. Ushauri ulianza na ushahidi wa papo hapo, na matokeo yake yakaonekana.

Jambo la kuigwa zaidi ni taarifa ya mwaka 2009, iliyotayarishwa na mpango wa malaria wa Zanzibar pamoja na watafiti wa nje. Iliuliza kama malaria inaweza kutokomezwa, na ikaligawa swali: je, kwa sayansi inawezekana; je, kwa utendaji tunao watu na mipango; je, kwa fedha tutamudu kwa miaka mingi? Hata safari za boti kwenda Dar es Salaam zilihesabiwa, kwa kutumia kumbukumbu za simu za mkononi zisizo na majina, ili kukadiria vijidudu vinavyoingia na wasafiri. Na juu ya fedha haikumpendeza msikilizaji: haikuahidi kwamba kutokomeza kutakuwa rahisi kuliko kudhibiti.

Mwaka 2018 watafiti wa kimataifa walitoa kipimo cha kuhukumu miongozo ya mifumo ya afya. Kinatazama mada, washiriki, mbinu, mapendekezo, na kama mapendekezo hayo yanatekelezeka. Mpango wa 1957 ungeanguka katika washiriki na utekelezaji. Mvuvi anayelala dago na mwanamke anayekandika upya ukuta wake kwa udongo ndio wanaojua dawa itadumu wapi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha sema kwamba watu washirikishwe katika kufikiri na kupanga maendeleo yao. Wanasayansi walichukua miaka 47 kuliweka hilo katika karatasi yao.

Mwaka 2023 wagonjwa wa malaria Unguja waliongezeka tena. Mwaka 2025 Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likigharimia sehemu ya kazi hiyo. Anayetaka kujua kwa nini taarifa ya 2009 ilitenga sura nzima kwa fedha asome sura hiyo sasa, akiwa na makisio ya bajeti ya afya mkononi.