Dresa, Sindano na Boksi la Dawa

Hapa Lufingo, wilayani Rungwe, kila aliyevaa koti jeupe aliitwa dokta. Mimi nilikuwa mganga msaidizi wa vijijini tu, lakini jina hilo sikulikataa. Ukilikataa, mgonjwa anadhani hutaki kumtibu.

Kabla yetu walikuwapo madresa. Waingereza walianza kuwafundisha miaka ya 1920, wakawaweka kwenye zahanati ndogo za serikali za wenyeji. Walisafisha vidonda na macho, wakatibu homa na buba. Buba ndiyo iliyoipa sindano heshima yake Tanganyika: mtu mwili mzima vidonda alichomwa dawa ya bismuthi, wiki chache baadaye ngozi imekauka. Nani angemsikiliza tena mwenye kidonge? Wazee wa hapa nimebishana nao sana. "Mwanangu, vidonge hivyo kawape kuku. Nichome."

Kuchoma kwenyewe kulikuwa shughuli. Bomba la kioo lilichemshwa juu ya stovu ya Primus. Sindano tuliipitisha kwenye pamba; ikinasa nyuzi, ncha imepinda, inoe kwenye jiwe. Mafuta ya taa yakiisha ni kuni, na kwa mvua ya Rungwe kuni ni moshi mtupu.

Nchi ilipata uhuru 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Nani kati yao angefika Lufingo? Ndiyo maana, baada ya Azimio la Arusha, tulisomeshwa sisi wa darasa la saba, miaka mitatu, tukatawanywa vijijini. Zahanati zikajengwa upesi kuliko dawa zilivyopatikana. Baada ya vita vya Kagera kabati langu lilibaki na aspirini na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda.

Katikati ya miaka ya 1980 likaja boksi la dawa, kwa msaada wa DANIDA na UNICEF. Tulilifungua mbele ya mwenyekiti wa kijiji, orodha mkononi, tukihesabu kopo kwa kopo. Liliokoa watu, sibishi. Ila aliyelipanga hakujua baridi yetu: boksi la Bagamoyo na la Lufingo lilikuwa lilelile. Huku kwenye vichomi dawa za kifua ziliisha kabla ya mwezi, klorokwini ikirundikana hadi darini.

Ni miaka ya 2000 ndipo zahanati zilipoanza kujiagizia zenyewe. Wenzangu walinung'unika kwamba fomu ni kazi ya karani. Mimi niliijaza siku ileile, na mstari wa kwanza niliandika PPF, penisilini ya sindano.