Dalili za kazi mbovu katika kisanduku cha umeme: mambo ya kukagua kabla ya kuhamia nyumba

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 azma ya kuhamia Dodoma, na Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, nyumba za makazi zimeendelea kujengwa kwa wingi katika maeneo kama Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu na Nala. Mnunuzi au mpangaji anapooneshwa nyumba hukagua bati, vigae, milango na upatikanaji wa maji. Kisanduku cha umeme kilichofungwa ukutani, ambacho mafundi hukiita mainswichi, mara nyingi hakiangaliwi hadi siku umeme unapokatika au harufu ya plastiki inayoungua inapoanza kusikika.

Makala haya yanaeleza dalili ambazo mwananchi asiye fundi anaweza kuzitambua, na maswali anayopaswa kumuuliza fundi. Hayamruhusu mtu asiye na utaalamu kufungua kifuniko cha kisanduku hicho. Hata swichi kuu inapozimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita hadi kwenye swichi hiyo hubaki na umeme.

Kazi ya kisanduku

Umeme wa majumbani nchini hutolewa kwa msongo wa volti 230. Hutoka kwenye nguzo, hupita kwenye mita ya LUKU, kisha huingia katika mainswichi na kugawanywa kwenda kwenye taa, soketi, jiko na kihita maji. Ndani ya kisanduku huwamo swichi kuu, sakiti breka za kila njia, kifaa cha kukata umeme unaovuja, ukanda wa kuunganishia nyaya za nyutro na ukanda wa ethi.

Ni muhimu kutofautisha kinga hizo mbili. Sakiti breka hulinda waya usipitishe umeme mwingi kuliko uwezo wake. Kifaa cha kukata umeme unaovuja hulinda uhai wa mtu, kwa kukata umeme mara unapopita mahali pasipostahili, ikiwemo mwilini. Nyumba yenye breka pekee haijamlinda mkazi wake ipasavyo.

Yanayoonekana kwa macho

Dalili ya kwanza ni matundu. Kila nafasi isiyo na breka inapaswa kuzibwa kwa kizibo chake, na kila mahali nyaya zinapoingilia panapaswa kubana. Katika nyanda za kati, ambako kipupwe huja na upepo wenye vumbi jingi, tundu lililoachwa wazi hupitisha vumbi, mijusi na wadudu hadi kwenye sehemu zenye umeme. Mtoto naye anaweza kupenyeza kidole au msumari.

Dalili ya pili ni kukosekana kwa maandishi. Fundi makini huandika kila breka inahudumia nini. Kisanduku kisicho na alama yoyote humlazimu mkazi kubahatisha wakati wa dharura.

Dalili ya tatu ni rangi na joto. Plastiki iliyogeuka kahawia au nyeusi karibu na breka, kifuniko chenye joto kinapoguswa kwa nje, mlio wa kuchechemka au harufu ya kuungua ni ishara kwamba hitilafu tayari ipo. Hali hiyo haihitaji kusubiri mwisho wa mwezi.

Dalili ya nne ni mahali kisanduku kilipofungwa. Kisanduku kilicho juu ya sinki, ndani ya bafu, au nyuma ya kabati zito kimewekwa pasipofaa, kwani ni lazima kifikiwe kwa urahisi na kiwe mbali na maji.

Breka isiyolingana na waya

Kosa hili ni la hatari kwa sababu nyumba huonekana inafanya kazi vizuri. Kwa kawaida waya wa milimita za mraba 1.5 hutumika kwa taa na hulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 hutumika kwa soketi, na unapokwenda kwa njia moja hulindwa na breka ya ampea 16 au 20. Jiko la umeme huhitaji waya mnene zaidi, aghalabu wa 6, wenye breka ya ampea 32.

Chukulia fundi ametumia waya wa 1.5 kwenye soketi za jikoni ili kupunguza gharama, kisha akaweka breka ya ampea 32 ili "isikate kate". Birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na jiko dogo la wati 1,500 vikitumika kwa pamoja huvuta takribani ampea 20. Waya huo uliofukiwa ukutani unazidiwa na kupata joto, lakini breka haikati kwa kuwa kiwango chake hakijafikiwa. Plastiki ya waya huharibika taratibu bila mtu kuona.

Kwa hiyo, fundi anayetatua tatizo la breka inayokata mara kwa mara kwa kuweka breka kubwa zaidi, bila kupima wala kukagua waya, ameondoa kinga na kuacha tatizo.

Maungio yaliyolegea

Ukaguzi wa ndani ni kazi ya fundi, lakini mwenye nyumba ana haki ya kusimama kwa umbali salama na kuuliza. Je, kila skrubu imekazwa? Je, kuna nyaya mbili au tatu zilizosongamanishwa kwenye breka moja? Je, shaba imeachwa wazi nje ya maungio? Je, kila nyutro imefungwa kwenye ukanda wake?

Ungio lililolegea huongeza ukinzani, na ukinzani huzalisha joto. Breka haiwezi kulitambua joto hilo, kwa kuwa kiasi cha umeme kinachopita hakijazidi. Hivyo, kukaza skrubu ipasavyo, kazi ya dakika chache, huweza kuinusuru nyumba nzima.

Ethi katika udongo mkavu

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ardhi hukauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo ya ethi iliyochomekwa nusu kwa sababu fundi amekutana na mwamba, au iliyopimwa wakati wa masika pekee, inaweza kushindwa kazi ifikapo Septemba.

Hesabu ifuatayo inaonesha uzito wa jambo hili. Iwapo ukinzani wa ethi ni ohmu 100, hitilafu ya volti 230 itapitisha ampea 2.3 tu ardhini. Breka ya ampea 20 haitakata, na gamba la friji litabaki na umeme likimsubiri wa kuligusa. Kifaa cha kukata umeme unaovuja chenye kiwango cha miliampea 30 kitakata mara moja. Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi michache, na kisipokata, fundi aitwe.

Nani afanye kazi

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme, Sura ya 131, leseni za kufunga mifumo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa madaraja, kila daraja likiwa na kikomo cha kazi. Cheti cha VETA huthibitisha mafunzo. Leseni ndiyo ruhusa ya kufanya kazi. Mwananchi anashauriwa kuomba kuona leseni kabla ya kulipa malipo ya awali, na kujiepusha na vishoka wanaojitambulisha kuwa watumishi wa TANESCO. Vifaa vinunuliwe kwenye maduka yanayotoa risiti, na viwe vimekidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Unapogundua hitilafu

Zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia kwa usalama, kisha mwite fundi mwenye leseni. Usikate lakiri ya mita. Endapo tatizo liko kwenye mita au waya unaotoka kwenye nguzo, toa taarifa TANESCO kwa namba 180. Moto ukitokea, usimwagie maji kifaa chenye umeme. Ondoa watu nyumbani na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu akinaswa na umeme, usimguse kabla ya umeme kuzimwa.

Ni vyema ukaguzi huu ufanyike kabla ya kutia saini mkataba wa ununuzi au upangaji, wakati ambapo gharama ya marekebisho bado inaweza kujadiliwa na mwenye nyumba.