Manowari ya Mto, Si Mashua ya Bunduki

"Mashua ya bunduki", tafsiri ya "gunboat" ya Kiingereza, imejipenyeza tena, safari hii katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na jopo ambalo, kwa dalili zote, halikumwuliza baharia hata mmoja. Napinga. Mashua ni ya tanga na wavuvi, bunduki ni ya begani. Severn na Mersey, manowari za Uingereza zilizoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, zilibeba mizinga ya inchi 6. Bega gani hilo?

Bunduki yenyewe inatoa ushahidi. Kwa Kiarabu bunduq ni kokwa. Likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa upinde, kisha silaha ya moto ikalirithi. Udogo umo ndani ya neno tangu asili. Mzinga ni gogo lililotobolewa, na bomba la baruti likaitwa hivyo kwa umbo lake. Manowari nayo tuliipokea kwa mabaharia Waingereza, ambao kwao ni "man-of-war", yaani "mtu wa vita", na pwani ikaifinyanga hadi ikakaa vizuri mdomoni, kama ilivyofanya kwa meli, neno lililotokana na "mail", vyombo vya barua. Yupo anayependekeza "merikebu ya mizinga". Manowari ipi haina mizinga?

Wapinzani wangu hushikilia kwamba manowari ni ya bahari kuu tu. Lakini Severn na Mersey ziliundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zitumike Amazon. Vita vilipozuka mwaka 1914 Uingereza ikazinunua. Bahari haikuwa kwao: kutoka Malta hadi Mafia zilivutwa na meli nyingine. Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta, ambako manowari kubwa zingekwama. Hizi mbili, zenye tumbo bapa, ziliingia kwa mvuke wake zenyewe tarehe 6 Julai. Mersey ikapigwa, baadhi ya wanamaji wake wakafa, zikarudi nyuma. Siku tano baadaye ziliingia tena, ndege ikizielekeza shabaha, na Königsberg haikuinuka. Kina kile kifupi cha maji ndicho sababu ya vyombo hivi kuwepo, na istilahi isiyoutaja mto imeacha jambo lenyewe.

Matumizi ni mepesi: manowari ya mto, wingi manowari za mto. Ikibidi kutaja injini, ongeza "ya mvuke".