Chemirocha: Mzungu Aliyegeuzwa Swala Kapkatet

Mwaka wa 1950, pale Kapkatet, ukishapita Litein ukielekea Sotik, wasichana wa Kipsigis waliimba mbele ya maikrofoni ya Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Wimbo wenyewe ni mfupi. Kinubi cha chepkong kinadunda chini, sauti zinaitikiana juu. Wanamwita mtu aje acheze nao, acheze kwa nguvu hadi nguo zimdondoke. Mtu huyo ni Chemirocha, na kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, alikuwa nusu mtu, nusu swala.

Sasa litamke jina hilo polepole. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Rodgers alizaliwa Mississippi mwaka wa 1897, akafanya kazi kwenye reli, kisha kuanzia 1927 akarekodi nyimbo zilizomfanya aitwe baba wa muziki wa kantri. Alikuwa na mtindo wa kuivunja sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, ile wanayoita yodeli. Kifua kikuu kilimuua mwaka wa 1933, akiwa na miaka 35. Hakuwahi kufika Kericho. Wasichana wale walipokuwa wakimwita aje acheze, alikuwa amelala kaburini miaka kumi na saba.

Alifika kwa santuri. Simulizi inayorudiwa sana inasema ni wamisionari waliokuja nayo. Santuri ya zama hizo haikuhitaji stima. Unazungusha mpini, springi ya ndani inakazika, sahani inaanza kuzunguka, sindano inasoma mifereji, na kwa dakika kama tatu hivi mtu asiyekuwepo anaimba ndani ya boma lako. Ikiisha, unageuza upande wa pili.

Mimi ni mtoto wa huku. Nimekulia kwenye matatu zinazopiga kantri kutoka Bomet hadi Kericho, na harusi ambazo wazee wenye kofia za Texas wanajua kila neno la Kenny Rogers. Lakini habari za Chemirocha sikuzipata darasani, si shule ya upili, si ile miaka michache niliyokaa chuo kabla ya kuondoka. Nilizikuta kwenye intaneti, zimesimuliwa na wageni, na karibu kila mmoja alizisimulia kwa njia ile ile: tazama hawa watu, walisikia sauti kwenye sanduku wakadhani ni mungu wa porini. Msomaji anacheka kidogo, anaguswa kidogo, anaendelea na maisha yake.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu mimi nasoma kitu tofauti.

Kwanza, jina. Kalenjin haitenganishi j na ch jinsi Kiingereza inavyofanya. Jimmie akiingia kwa Kipsigis lazima awe Chemi, na Rodgers lazima awe Rocha. Huko si kukosea jina, ni kulipokea. Na limeangukia pazuri: Che- ndiyo ile inayoanza Chepkoech, Chemutai na majina mengine mengi ya kina dada zetu. Mzungu wa watu kapewa jina linalosikika kama la binti wa hapa.

Pili, umbo. Kila mtoto wa Kalenjin aliyewahi kutishwa ili alale anamjua Chemosit. A. C. Hollis aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka wa 1909 kuhusu Wanandi, ndugu zetu wa karibu: nusu mtu, nusu ndege, ana mguu mmoja, na mdomo wake mwekundu unang'aa usiku kama taa. Na anawindaje? Anaimba. Anaimba gizani karibu na mahali pa ngoma, watu wanafuata sauti wakidhani kuna densi, kumbe wanaliwa.

Unaona? Sauti isiyo na mwili inayokuvuta kwenye densi ilikuwa tayari na nafasi yake katika hadithi za huku, miaka mingi kabla ya santuri. Wakipsigis walipomsikia Rodgers hawakupigwa na bumbuwazi. Walimtafutia jamaa. Wakampa nusu ya swala badala ya nusu ya ndege, kisha wakaigeuza hadithi juu chini: safari hii binadamu ndio wanaomwita kiumbe aje kwenye densi, na kiumbe ndiye atakayebaki uchi. Huo si woga. Huo ni utani wa hali ya juu.

Na kama unadhani ni jambo la ajabu la Kiafrika, twende London. Mwaka wa 1985 bendi ya The Pogues ilitoa albamu yake ya pili, Rum, Sodomy & the Lash, iliyotayarishwa na Elvis Costello. Vijana wengi wao wakiwa na damu ya Kiayalandi walichukua nyimbo za wazee, filimbi na akodiani, wakazipiga kwa kasi na hasira ya panki. Watu wakaiita panki ya Kikelti. Humo ndani kuna wimbo wa kale kuhusu Jesse James, jambazi wa Marekani. Yaani balladi za Uskoti na Ayalandi zilivuka bahari na wahamiaji karne ya kumi na nane, zikakaa milimani kule Marekani, zikachangia kuzaa kantri pamoja na bluzi ya watu weusi, na miaka mingi baadaye wajukuu wa Ayalandi wakaurudisha wimbo wa Marekani nyumbani ukiwa na ngoma nzito. Hakuna aliyeandika kwamba vijana wa London walichanganyikiwa. Waliitwa wabunifu.

Wasichana wa Kapkatet walifanya kazi ile ile, miaka thelathini na mitano mapema, bila gita la umeme.

Tofauti ni nani alikuwa na nini. Sauti ya Rodgers haikuja peke yake. Miaka ile ile ya 1920 aliyokuwa akirekodi, kampuni za chai zilikuwa zikipanda mashamba makubwa hapa Kericho: Brooke Bond, na James Finlay ya Glasgow. Fikiria hilo: visiwa vile vile vilivyotoa zile balladi ndivyo vilivyotoa mabwana wa mashamba. Mwaka wa 1934, mwaka mmoja baada ya Rodgers kufa, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mbali na milima yao. Mwaka wa 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Kwa hiyo, mwaka wa 1950 msichana anapoimba kumtaka mzungu avue nguo kwa kucheza, sisemi ni wimbo wa mapinduzi. Nasema tu aliimba katika nchi ambayo mzungu wa kweli alikuwa amevaa vizuri sana, na hakuna aliyeruhusiwa kumcheka usoni.

Rekodi zenyewe ziliondoka. Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, kule Afrika Kusini mwaka wa 1954, na mfululizo wake wa Sound of Africa ukafikia sahani 210. Simlaumu kwa kurekodi. Bila yeye ningekuwa naandika juu ya kimya. Lakini kwa zaidi ya nusu karne, wimbo wa Kapkatet ulisikika kirahisi zaidi ng'ambo kuliko Kapkatet. Ni katikati ya miaka ya 2010 ndipo ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi chini ya Tabu Osusa, walipoanza kuzirudisha nakala kwa wenyewe. Mmoja wa waimbaji wa 1950, Cheriyot arap Kuri, alikutwa angali hai, mzee sana, akaisikia sauti yake ya ujana.

Kwenye kumbukumbu za rekodi ile maarufu zaidi, Chemirocha ya tatu, limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya. Baada yake yanafuata maneno haya tu: na wasichana wa Kipsigis. Jimmie Rodgers ana jina lake la Mississippi na lile tulilompa sisi. Waliompa hawana hata moja, sawa na pakiti ya chai inayokuambia imetoka Kericho, ikakuonyesha mlima na nembo ya kampuni, bila kukuambia nani aliichuma.

Kuna nyanya huku anayeweza kuwa dada mdogo wa mmoja wao. Mimi nimeanza kuuliza majina.