Jaji Pillay, Waziri Nyiramasuhuko na Suala la Uwakilishi wa Wanawake

Wanaotetea nafasi za wanawake katika utumishi wa umma husema kwamba ofisi ikiwa na wanawake, shida za wanawake zitasikika. Nimeipima hoja hii kwa historia ya Rwanda, hasa kwa kesi mbili zilizosikilizwa Arusha, katika mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994.

Kesi ya kwanza ni ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Ilipoanza kusikilizwa Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na shtaka hata moja la ubakaji. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, ambaye wakati huo alikuwa jaji mwanamke pekee katika mahakama nzima. Shahidi mmoja, mama, akasema bila kuulizwa kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji wakafuatilia kwa maswali, Pillay akiwa mbele. Shahidi mwingine akasimulia ubakaji uliomfika yeye mwenyewe. Mashirika ya wanawake nayo yakaiandikia mahakama, na mwezi Juni hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wale akina mama wa Taba waliyajua yaliyowapata tangu siku ya kwanza. Walihitaji mtu mwenye mamlaka ya kuwauliza.

Kama ningeishia hapo, hoja ingekuwa rahisi mno. Mahakama hiyohiyo ilimhukumu Pauline Nyiramasuhuko, Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake tangu 1992. Yaani serikali ilikuwa na wizara ya wanawake, na mwanamke ndiye aliyeiongoza! Mwaka 2011 alipewa kifungo cha maisha, kilichopunguzwa kwenye rufaa kuwa miaka 47, kwa mauaji ya kimbari na makosa mengine, ukiwemo ubakaji uliofanywa na Interahamwe waliokuwa chini yake huko Butare. Katika baraza lilelile la mawaziri alikuwemo Agathe Uwilingiyimana, naye pia mzaliwa wa Butare. Akiwa Waziri wa Elimu alipinga mgao wa nafasi za shule kwa misingi ya kabila. Akiwa Waziri Mkuu aliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Kwenye orodha ya watumishi, hawa wawili wangehesabiwa sawa.

Katiba yetu ya 2003 iliwapa wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Naiunga mkono, kwa sababu bila kiti Pillay asingeuliza chochote. Ila takwimu za viti hazituambii mwenye kiti anamhesabu nani kuwa mwanamke wa kutetewa. Kwa Nyiramasuhuko, mwanamke wa Kitutsi hakuwemo. Nao Kama na Aspegren, wanaume wawili, waliitia saini hukumu ya Akayesu pamoja na Pillay.