Jina la Mwigizaji: Kutoka Mueda hadi Quitunda

Aprili 2012 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Jioni moja ya mwezi huo, kibanda umiza cha kijiji chetu cha zamani, katika rasi ya Afungi, hakikutoza kiingilio. Mwenye kibanda aliwasha jenereta mapema, akaweka filamu mbili za Steven Kanumba mfululizo, na watu wazima wakakaa mikekani kama waliokwenda kuhani msiba. Kanumba alikuwa amefariki Dar es Salaam tarehe 7 ya mwezi ule. Bibi yangu, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Mto Ruvuma, alilia kama aliyefiwa na mjukuu. Mjomba akamwambia, "Mama, huyu hatumjui." Bibi akajibu, "Wewe humjui. Mimi nimekaa naye sana."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi tangu nilipoanza kusoma historia. Tunaposoma habari za waigizaji, kwa kawaida tunasoma habari za majina: alizaliwa lini, aliigiza nini, alizikwa wapi. Lakini katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nimekuta kwamba waigizaji wengi walioacha alama kubwa hawana majina katika maandishi yoyote, na wale wenye majina makubwa hawakufaidi majina yao kama tunavyodhani. Katika insha hii nitatazama waigizaji wa aina tatu ambao kazi zao zimefika kwetu: mcheza mapiko, watu wa Mueda walioigiza msiba wao wenyewe, na nyota wa filamu za Tanzania. Hoja yangu ni kwamba mwigizaji asiye na jina huwa na sababu ya kukosa jina, na kazi ya mwanahistoria ni kuuliza sababu hiyo ni ipi.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Quitunda ni kijiji kilichojengwa wilayani Palma kwa ajili ya watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Nyumba zake zimepangwa kwa mistari na zinafanana, hata mgeni hupotea njia mchana. Wanaishi humo Wamwani, Wamakonde na Wamakua, na Kiswahili kinatusaidia sote kuelewana. Ukumbi wa sinema haupo. Hata hivyo, kila familia ilipohama ilikuja na hadithi zake, na namna zake za kuziigiza.

Mwigizaji wa kwanza ni wa zamani kuliko kamera. Mapiko ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde, inayoambatana na jando. Mchezaji, anayeitwa lipiko, huvaa kichwani kinyago cha mti kilichochongwa kama sura ya mtu, na mwili wake wote hufunikwa kwa nguo. Humwigiza mzee, mwanamke, mgonjwa, na wakati wa ukoloni alimwigiza hata Mreno mwenyewe, kwa mwendo wake na majivuno yake. Watazamaji walicheka, na mkoloni hakuwa na mtu wa kumkamata, kwa sababu aliyecheza hakuwa na uso. Kwa desturi, wanawake, pamoja na watoto ambao hawajapita jandoni, hawakutakiwa kujua ni nani aliyemo ndani. Kulitaja jina lake hadharani kulikuwa kosa.

Huyu ni mwigizaji kamili. Ana mazoezi, ana mavazi, ana mhusika, ana hadhira. Lakini jina lake limefichwa kwa makusudi, kwa sababu jina likitajwa lipiko anakufa na anabaki mtu wa jirani aliyevaa mti kichwani. Kwa hiyo si kila kutotajwa ni dharau. Kwa mcheza mapiko, kutotajwa ni sehemu ya sanaa na ni heshima.

Aina ya pili inatoka Mueda, kwenye nyanda za juu za mkoa wetu. Tarehe 16 Juni 1960 watu wengi walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Walikuja kusikiliza mazungumzo kati ya gavana wa Cabo Delgado na wajumbe waliotoka Tanganyika, akiwemo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliodai uhuru na haki kwa watu wao. Wajumbe walikamatwa. Watu walipolalamika, askari walifyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: simulizi rasmi ya FRELIMO hutaja watu wapatao 600, na wapo watafiti wanaotaja idadi ndogo zaidi kwa mbali. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba siku ile iliwasukuma vijana wengi kuvuka Ruvuma, na miaka minne baadaye, Septemba 1964, vita vya ukombozi vilianza.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975, watu wa Mueda walianza kuuigiza msiba huo. Waliuigiza palepale ulipotokea, mbele ya jengo lilelile. Mwaka 1979 Ruy Guerra, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Lourenço Marques mwaka 1931 na kupata sifa Brazil, alilirekodi igizo hilo kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Sinema. Filamu inaitwa "Mueda, Memória e Massacre", na huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza ya Msumbiji huru.

Niliitazama darasani nikiwa mwaka wa kwanza. Ni filamu isiyo na rangi, na mwanzoni niliiona ngumu. Kisha nikaona jambo lililonishika. Wanaoigiza Wareno ni Waafrika wenzetu, na wanawaigiza kwa mzaha mkubwa: wananyoosha vifua, wanapiga kelele, wanajikweza. Niliona kitu nilichokijua tangu utotoni. Kwa macho yangu yalikuwa mapiko bila kinyago. Watu waliokusanyika kutazama nao si watazamaji tu. Igizo likiendelea wanageuka kuwa umati wa mwaka 1960. Katikati ya igizo wanaingia walionusurika, wanasimulia waliyoyaona kwa macho yao, halafu igizo linaendelea.

Jina la Guerra tunalo. Maandishi ya igizo yanahusishwa na Calisto dos Lagos, na jina lake pia linapatikana. Lakini ukiuliza ni nani yule mama aliyepaza sauti, au yule kijana aliyeigiza askari, wasomaji wa kawaida hatuna jibu. Mwaka 1991 moto uliliharibu jengo la Taasisi ya Sinema mjini Maputo. Filamu ya Mueda ilisalimika, na nyuso za wale watu zikasalimika nayo. Majina yao hayakuteketea katika moto ule. Yalikuwa yameachwa nje tangu mwanzo, kwa sababu katika siku zile za mapinduzi shujaa alikuwa Wananchi, na wananchi ni wengi mno kuandikwa mmoja mmoja. Hii ni sababu tofauti na ile ya mapiko. Hapa hakuna mwiko wa kuvunja. Hapa pana uzembe wa kumbukumbu, hata kama ulikuwa na nia njema.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za filamu zilificha majina ya waigizaji kwa makusudi. Florence Lawrence alipendwa na maelfu ya watazamaji waliomjua kama "msichana wa Biograph" tu, kwa jina la kampuni iliyomwajiri. Ni mwaka 1910, alipohamia kwa mwajiri mwingine, Carl Laemmle, ndipo jina lake lilipotangazwa kwa kishindo. Wenye kampuni walijua kwamba mwigizaji mwenye jina ataomba malipo zaidi. Hiyo ni sababu ya tatu ya kutotajwa, nayo ni fedha.

Mtu anaweza kusema basi dawa ni kutangaza jina. Maisha ya waigizaji wa Tanzania yanaonyesha kwamba haitoshi. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alijulikana kupitia kundi la Kaole na tamthilia za televisheni, kisha akaingia katika filamu na kuwa nyota wa kizazi chake. Alitafuta wenzake hata nje ya mipaka: katika "Devil Kingdom" aliigiza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Alikufa akiwa na miaka 28, na maelfu ya watu walifurika kumzika Kinondoni. Namna alivyokufa imeandikwa kuliko kazi zake, nami sitaiongezea neno.

Mwenzake aliyetufikia zaidi alikuwa Amri Athumani wa Tanga, tuliyemjua kwa jina la King Majuto. Alizaliwa mwaka 1948 na alianza na vichekesho vya jukwaani muda mrefu kabla ya filamu za CD. Jukwaani hakuna kurudia. Ukikosea, watu wanaona. Ndiyo maana hata kwenye filamu aliweza kuchekesha kwa kunyamaza tu na kumtazama mtu. Bibi yangu alikuwa akigomba kwa sauti yake. Akimtaka mtu aondoke, alikunja uso kama Majuto, na hasira ikageuka kicheko.

Kwetu sisi watu hawa walikuwa zaidi ya burudani. Shule yetu ilifundisha kwa Kireno. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni, bila kitabu wala daftari. Filamu za Kanumba zilikuwa na majina ya Kiingereza tusiyoweza kuyasoma, lakini ndani yake watu walizungumza Kiswahili, wakasalimiana, wakaposa, wakagombana na kupatanishwa. Kwa hakika nilisoma Kiswahili kwa Amri Athumani kabla sijakisoma kwa mwalimu. Leo ninaandika insha hii kwa lugha ambayo serikali yangu haikunifundisha. Nadhani huo ni urithi mkubwa kwa mwigizaji kuuacha katika nchi isiyo yake.

Lakini urithi huo haukuwa na hati. Kwa miaka mingi filamu ziliuzwa kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja. Mwigizaji alilipwa siku za kazi, akaondoka, na CD ikaendelea kuuzwa, kunakiliwa na kuvushwa mpaka bila yeye kuona senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwepo, ila sheria haimsaidii aliyekwisha kusaini. Mwaka 2018, King Majuto alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake lilizungumzwa hadharani, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alitibiwa hadi India, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, akazikwa Tanga. Nasi tulikuwa sehemu ya tatizo: sina kumbukumbu ya kuona hata CD moja halisi katika kibanda chetu. Tulimpenda, tukamwiga, na hatukumlipa.

Sasa nirudi Quitunda. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Maelfu ya watu walikimbilia kijijini kwetu, wakilala barazani na chini ya miembe, wakisubiri boti za kuelekea Pemba au nafasi ya kwenda kaskazini. Miezi mingi baadaye niliwakuta watoto wakicheza nyuma ya nyumba moja. Mmoja alikuwa nahodha. Mmoja alikuwa mama anayeita majina. Wengine walipanga foleni kupanda boti, ambayo ilikuwa kipande cha bati, na kila mara nahodha alisema boti imejaa. Yule "mama" aliita jina moja tena na tena, na hakuna aliyeitika. Mzee mmoja alitaka kuwafukuza. Mwenzake akamshika mkono akamwambia, "Waache, bwana. Wakimaliza wataona njaa."

Sijui kama mchezo ule utadumu. Igizo la Mueda nalo lilianza na watu waliokumbuka, kabla ya kamera kufika. Sitayataja majina ya watoto wale, wala jina lililokuwa likiitwa. Ni watoto, na pwani yetu bado haijatulia. Hii ni sababu ya nne ya kutotajwa, ambayo sikuikuta kwenye vitabu: usalama wa mtu.

Kwa kuhitimisha, mwigizaji asipotajwa inawezekana desturi imemheshimu, mwandishi amemsahau, mfanyabiashara amemnyonya, au anayemjua anamlinda. Sababu hizi nne zinafanana kwa nje, kwani zote huacha nafasi tupu kwenye karatasi, lakini hazistahili kutendewa sawa. Jina la lipiko tuliache lilipo. Majina ya watu wa Mueda yatafutwe sasa, wakati wapo wazee wanaoweza kutazama filamu ile na kusema, "Huyu ni dada yangu." Familia za kina Majuto zipewe haki yao pamoja na sifa. Na majina ya watoto wa Quitunda yangoje.

Bibi yangu amekwisha kufariki. Hakuacha picha hata moja. Lakini dada yangu mdogo akigomba hukunja uso vilevile, na yeye hajawahi kuona filamu ya King Majuto. Nilipomuuliza alikojifunza, alinishangaa. "Kwa bibi," akasema.